Juma Moja na Watoto 62

"Mjukuu wangu haendi kambini."

Bibi alisema maneno hayo bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa maharagwe aliokuwa akipepeta. Nilikuwa nimesimama uani kwake, daftari mkononi, jasho likinitoka baada ya kupanda kilima kutoka barabara kuu iendayo Kasulu mjini. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa tano, mwaka 2019. Nilikwisha kuandika majina ya watoto zaidi ya 50, wala hakuna mzazi aliyekuwa amenikatalia.

Nilidhani hakunielewa, nikaanza upya. "Ni kambi ya watoto, Bibi. Juma moja tu wakati wa likizo. Watajifunza Neno la Mungu, wataimba, watacheza, watakula vizuri. Lori litawachukua na kuwarudisha."

Akauweka ungo chini. "Kambi na lori," akasema taratibu. "Mwanangu, umenitajia vitu viwili vilivyonichukulia binti yangu."

Wapenzi akina mama, siku ile nilishuka kilima nikiwa na aibu. Kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nimeomba, nimepanga ratiba, nimehesabu sufuria na mikeka, lakini sikuwa nimefikiri hata mara moja jinsi neno lile linavyosikika masikioni mwa mtu wa huku kwetu.

NENO LENYE HISTORIA

Kwingineko duniani, kambi ya watoto ni neno la furaha. Huko Ulaya na Marekani watoto huenda kambini wakati wa kiangazi shule zikifungwa. Wakristo nao waliona mapema ya kuwa likizo ni shamba zuri la kupandia Neno. Mwaka 1868 Mwingereza mmoja, Josiah Spiers, aliwakusanya watoto waliokuwa wakicheza ufukweni Llandudno, katika nchi ya Wales, akawaandikisha kwenye mchanga maneno ya kwamba Mungu ni upendo, wakayapamba kwa kokoto na makombe. Kazi aliyoianza na wenzake mwaka mmoja kabla ya hapo ndiyo iliyokuja kuwa Scripture Union, ambayo leo inajulikana katika nchi nyingi, hata zetu za Afrika Mashariki. Ndugu zetu Wakatoliki wana Utoto Mtakatifu, shirika lililoanza Ufaransa mwaka 1843. Majirani zetu Waadventista Wasabato nao wana makambi yao ya kila mwaka, na watoto wao hujiunga na Watafuta Njia.

Lakini mtu wa Kasulu au Kibondo ukimtajia kambi, hafikirii ufuko wa bahari. Anafikiria Mtabila na Muyovozi. Anafikiria Kanembwa, Nduta, Mtendeli na Nyarugusu. Tangu Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa Oktoba 1993, nyanda hizi za juu za Kigoma zimepokea wakimbizi wimbi baada ya wimbi. Wakongo walifuata mwaka 1996, na ndipo Nyarugusu ilipofunguliwa. Baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015, Nduta na Mtendeli zilifunguliwa upya, na Mtendeli ikaja kufungwa tena mwaka 2021. Watoto wengi wa huku wamekua wakiona magari meupe ya mashirika, mahindi ya msaada yakiuzwa sokoni, na watu waliopanga foleni huku wameshika kadi mkononi.

Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Katika miezi ya mwisho ya mwaka huo watu zaidi ya 30,000 walirudishwa Burundi. Mkwe wa bibi yule alikuwa mmoja wao. Alikuwa Mrundi aliyemwoa binti wa kijijini, na wakati huo walikuwa na mtoto mmoja wa kiume wa miaka miwili. Baba alipopandishwa kwenye gari, mama aliona hawezi kumwacha mumewe aende peke yake. Akamkabidhi mtoto kwa bibi, akasema akifika na kupata mahali pa kulala atarudi kumchukua. Alikuwa hajarudi. Mtoto sasa alikuwa na miaka tisa kasoro.

Usiku ule nilimweleza mume wangu. Yeye ndiye aliyekuwa ameuliza tangu mwanzo, "Ukienda juma zima, nyumba itaangaliwa na nani?" na baada ya kusitasita akajibu mwenyewe kwamba ataiangalia yeye pamoja na wakubwa wetu watatu. Sasa akaniambia: "Rudi kwa yule mama. Usiende kumshawishi. Nenda ukamwulize angetaka iweje."

Nikarudi siku ya pili yake. Nilipiga magoti, nikamwamkia na kupiga makofi kama ilivyo desturi ya Waha, tukasalimiana mpaka salamu zikaisha. Ndipo nikamwuliza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema mambo matatu. Msiite kambi. Msije na lori. Na mimi nitakuja naye.

Basi ndivyo "Kambi ya Watoto" ilivyogeuka kuwa "Juma la Watoto", na ndivyo tulivyompata mpishi mkuu.

KAMATI, UNGA NA BARIDI

Tulichagua mwezi wa sita kwa sababu mbili. Kwanza, shule zimefungwa. Pili, mvua zimekoma na maharagwe yamevunwa, kwa hiyo mama wa kijijini ana kitu cha kutoa. Mji wa Kasulu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kibondo uko juu pia, hivyo usiku wa mwezi wa sita huku ni baridi ya kweli. Kila mtoto aliambiwa aje na blanketi au shuka nzito, sahani, kikombe, sabuni na nguo za kubadilisha.

Tulipewa madarasa manne ya shule moja ya msingi na jiko lake la nje. Watoto walikuwa 62, wenye umri wa miaka saba hadi 13. Kati yao 14 walitoka Kibondo, wakaja kwa basi wakisindikizwa na mama zao wawili. Barabara ile wakati huo ilikuwa ya vumbi, wakafika wekundu kama matofali, lakini wakiimba. Wengine waliletwa na wazazi wao kwa miguu na kwa baiskeli. Walezi tulikuwa 11, wanawake saba na wanaume wanne.

Fedha hatukuwa nazo nyingi. Tuliyokuwa nayo tulinunulia mafuta ya mawese, dagaa, chumvi, sukari na dawa za huduma ya kwanza. Vingine vyote vilitoka kwa wazazi: huyu debe la mahindi, huyu kibaba cha maharagwe, huyu mkungu wa ndizi, yule mzigo wa kuni. Mama mmoja asiyekuwa na kitu alitoa siku mbili za kuchota maji, na maji yale ndiyo tuliyoyahitaji kuliko kitu kingine.

Tukawagawa watoto katika "nyumba" nane, kila nyumba ikiwa na watoto saba au wanane, wakubwa kwa wadogo, wa mjini kwa wa vijijini, wa Kasulu kwa wa Kibondo. Wakati wa kulala, wasichana walikwenda upande wao na wavulana upande wao, kila chumba na walezi wawili wa jinsi yao.

Siku ya kwanza jioni niliwakusanya wote nikawaambia: "Hapa mimi sina mtoto wangu. Ninyi nyote ni watoto wangu." Walezi wenzangu wakapiga makofi. Binti yangu kitinda mimba, wa miaka saba, alikuwa ameketi mstari wa mbele. Yeye hakupiga makofi, lakini wakati ule sikuliona hilo.

FOLENI

Jumatatu mchana nilipuliza filimbi, nikawapanga watoto mstari mmoja mrefu, kila mmoja sahani mkononi. Hivyo ndivyo nilivyozoea kuona shuleni, na ni utaratibu wa haraka. Bibi akatoka jikoni, mwiko ungali mkononi, akautazama ule mstari tangu mwanzo hadi mwisho.

"Nani amekufa hata watoto hawa wapange foleni ya chakula?" akauliza.

Nilitaka kumweleza habari ya muda na ratiba. Akanikatiza kwa upole. "Mwanangu, mtoto akipanga foleni anajua ni wa ngapi, lakini hajui ni wa nani."

Tukatandika mikeka chini ya mwembe. Kila nyumba ikapewa sinia moja la ugali na bakuli la maharagwe. Mkubwa akawanawisha wadogo mikono, mmoja akaombea chakula, wakala pamoja kama watu wa nyumba moja. Ilichukua muda zaidi ya nilivyopanga, dakika 20 hivi. Lakini nilianza kusikia vitu ambavyo nisingevisikia kwenye foleni. Mtoto wa Kibondo alikuwa akimsimulia mwenzake jinsi baba yake anavyorina asali porini. Msichana mkubwa alikuwa akimmegea mdogo tonge, maana alikuwa na jeraha kidoleni. Tangu siku ile sijapanga tena watoto foleni ya chakula.

Masomo yetu ya juma zima yalihusu watoto wa kwenye Biblia. Jumatatu tulijifunza juu ya Miriamu aliyemlinda mdogo wake kando ya mto. Jumanne ilikuwa yule binti mdogo aliyetekwa, ambaye hata akiwa utumwani nyumbani mwa Naamani alimtakia bwana wake uzima. Jumatano ilikuwa habari ya mvulana mwenye mikate mitano na samaki wawili. Baada ya kila somo watoto waliigiza, na niwaambie, hakuna mahubiri niliyopata kuyasikia juu ya Naamani yaliyonigusa kuliko mtoto wa miaka kumi anayejitumbukiza mara saba ndani ya beseni tupu.

JUMATANO JIONI

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, Bibi alinijia. Nilikuwa nikigombana na ratiba, kwa sababu mchezo wa kuvuta kamba ulikuwa umechelewa na kwaya ilikuwa ikisubiri. Akaniambia anakwenda nyumbani mara moja kuangalia mbuzi wake, atarudi kabla ya giza. "Mjukuu wangu yuko mtoni na wenzake wanafua. Akirudi mwambie nimekwenda wapi, na mwambie narudi leo."

Nikaitikia, "Sawa, Bibi." Wakati ule ule mlezi mmoja akaniita, nikageuka, na maneno yale yakatoka kichwani mwangu kana kwamba sikuyasikia kamwe.

Kama saa tisa hivi lori liliingia uwanjani. Muumini mmoja alikuwa ametuletea kuni. Wavulana wakalikimbilia, wakashusha kuni kwa kelele na furaha, lori likaondoka. Saa 11 tukahesabu watoto. Walikuwa 61.

Tukahesabu tena. Wakawa 61. Mlezi wake akaja mbio akasema yule mvulana hayupo, na nguo zake alizofua ameziacha majanini, mbichi.

Dada mpendwa, kama hujawahi kukabidhiwa mtoto wa mwenzio kisha ukamkosa, naomba Mungu usije ukayajua niliyoyajua saa ile. Magoti yalilegea. Tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo nini kifanyike jambo kama hilo likitokea, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana kichwa changu kilikuwa hakifanyi kazi. Walezi sita walibaki na watoto, wakaendelea na nyimbo ili wasipate hofu. Wawili walikwenda mtoni. Mmoja alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwingine akabaki langoni. Mimi nikaifuata barabara ya kwenda kwa Bibi, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Niliukimbia nusu yake.

Nilimkuta ameketi kizingitini mwa nyumba ya bibi yake, ameshikilia pindo la kitenge chake kwa mikono miwili. Bibi alikuwa kimya. Mimi nikaanza kulia pale pale uani.

"Alitoka mtoni akanitafuta jikoni asinione," Bibi akasema. "Akauliza, hakuna anayejua. Akaona lori linatoka."

Hakusema zaidi. Hakunikemea. Lakini mtoto aliinua uso, akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, wewe ulikuwa unajua?"

Nikajibu, "Ndiyo, nilikuwa najua. Bibi alinituma nikuambie, nikasahau. Kosa ni langu. Naomba unisamehe." Nilikuwa sijawahi kumwomba mtoto msamaha namna ile, hata wale niliowazaa mwenyewe. Akatikisa kichwa kidogo kukubali. Tukarudi sote watatu gizani, Bibi akitangulia na tochi.

SWALI LA PILI

Nilipoingia chumba cha wasichana ilikuwa karibu saa nne usiku. Wote walikuwa wamelala isipokuwa mmoja. Binti yangu alikuwa amekaa kitako, blanketi begani.

"Mmempata?" akauliza.

"Tumempata, mwanangu. Lala."

Akajilaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Mama, na mimi ningepotea, ungejua saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Tangu asubuhi nilikuwa sijamtazama usoni. Sikujua kama amekula, wala kama viatu vyake vilivyombana juzi vingali vinambana. Nilikuwa nimetangaza mbele ya watu kwamba sina mtoto wangu pale, nikadhani huo ni uaminifu katika huduma. Yeye alisikia kwamba mama yake amegawiwa watu 62, na fungu lake ni dogo mno.

Nikaingia ndani ya blanketi lake, nikalala hapo hadi asubuhi.

Akina mama wengi tunaotumika kanisani tunalijua jambo hili ila hatupendi kulisema. Tunafundisha kwaya, tunatembelea wagonjwa, tunaongoza vikundi, na watu wanatusifu. Watoto wetu wanatuona mgongoni tu. Sisemi tuache huduma. Nasema mtoto wako asiwe mtu wa mwisho kujua kwamba wewe ni mama mwema.

KANZU YA HANA

Alhamisi somo lilikuwa la Samweli. Nilieleza jinsi Hana alivyomwomba Mungu mtoto, akampata, akamwachisha kunyonya, akampeleka Shilo akakae nyumbani mwa Bwana kwa kuhani Eli. Yule mvulana, ambaye tangu Jumapili hakuwa amenyosha mkono hata mara moja, akanyosha mkono.

"Mama yake alimwaga?"

Nimefundisha habari ile miaka mingi, wala sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikafungua Biblia nikitafuta, ingawa nilijua sitapata. Bibi alikuwa ameegemea mlango wa darasa, anapukusa mahindi. Akasema kutoka pale pale: "Hatukuandikiwa. Lakini soma mbele, mwalimu. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Kila mwaka kanzu kubwa kidogo kuliko ya mwaka jana. Mama asiyekukumbuka atajuaje umekua kiasi gani?"

Darasa likawa kimya. Mvulana akaitazama mikono yake muda mrefu.

Siku iliyofuata tulimaliza na habari ya Yesu akiwa na miaka 12, alipobaki hekaluni Yerusalemu. Nilipofika mahali ambapo Yusufu na Mariamu walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani kijana yumo msafarani, sauti ilinikatika. Naam, hata mama wa Bwana wetu alidhani. Hakuwa mzembe. Alikuwa katikati ya ndugu na majirani, katika safari ya ibada, na kila mtu alidhani mtoto yuko na mwingine. Watoto wengi hupotea namna hiyo hiyo, wakiwa wamezungukwa na watu wema ambao kila mmoja anadhani mwenzake anajua.

Jumamosi asubuhi kila mtoto alipewa karatasi amwandikie barua mtu wa nyumbani. Mvulana akaomba karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bibi yake, akamkabidhi hapo hapo. Ya pili aliikunja mara nne akanipa mimi, akasema, "Hii ni ya mama. Anwani sina."

Sikumwahidi kitu nisichokiweza. Lakini baada ya juma lile nilikwenda kuuliza, nikafahamu kwamba Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta ndugu waliotenganishwa na vita na uhamisho, na kupeleka ujumbe wa familia kuvuka mipaka. Tukajaza fomu pamoja na Bibi, tukaandika jina la mama, la mume wake na la kijiji alichokitaja alipoondoka. Jibu halikuja mwaka ule wala uliofuata. Lakini mtoto ameendelea kuandika kila mwezi wa sita, naye katika kila barua hutaja urefu wake. Bibi humpima kwa mkaa kwenye nguzo ya mlango.

TULIYOYABADILI

Mwaka 2020 hatukufanya juma letu, kwa sababu mwezi Machi shule zilifungwa kwa ajili ya Korona. Mwaka 2021 tulifanya Kibondo, na tulikuwa tumejifunza. Kama akina mama wa kanisa lako wanafikiria jambo kama hili, pokea haya kutoka kwetu.

1. Kila mtoto ajue nani anamrudisha na lini. Siku ya kwanza mlezi wa nyumba humwambia kila mtoto kwa jina: aliyekuleta ni fulani, atakuja siku fulani, saa fulani. Kila jioni mnahesabu pamoja siku zilizobaki. Mtu mzima akiondoka, hata kwa saa moja, humwaga mtoto yeye mwenyewe. Hamtumi mwingine.

2. Hesabuni watoto mara nyingi: kuamka, kila mlo, kutoka mtoni na kulala. Pangeni mapema nani atabaki, nani atatafuta na nani atatoa taarifa kwa uongozi wa kijiji na polisi.

3. Andikeni kibali. Mzazi au mlezi aweke sahihi au dole gumba, ataje magonjwa ya mtoto na namba ya simu. Uongozi wa kijiji na wa shule nao wajulishwe kwa barua.

4. Mtu mzima mmoja asikae na mtoto mmoja faraghani, awe nani awaye. Walezi wawe watu wanaofahamika mwenendo wao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto popote alipo, na kanisani pia. Mtoto akikueleza jambo zito alilotendewa, usimhoji mbele ya wenzake wala usiahidi kuficha. Mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, bila malipo.

5. Afya. Mkoa wetu una malaria nyingi, kwa hiyo vyandarua ni lazima. Mtoto akishikwa na homa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo akapimwe. Msigawe dawa mseto kwa kubahatisha. Maji ya kunywa yachemshwe, na maji ya kunawia na sabuni yawe karibu na choo.

6. Mtoto anayekojoa kitandani. Kati ya watoto 60 hawakosekani kadhaa. Muulize mzazi kwa siri, mlaze karibu na mlezi, mwamshe saa nne usiku, uwe na blanketi la akiba. Likitokea, lifuliwe kabla wenzake hawajaamka. Jambo hili lisitajwe kamwe mbele ya wengine. Mtoto aliyeaibishwa mara moja hatakumbuka wimbo hata mmoja mliomfundisha.

7. Chakula. Kwa watu 70, mlo mmoja wa ugali hutaka kilo 17 hadi 18 za unga na kama kilo 7 za maharagwe makavu. Loweka maharagwe usiku, kuni zitapungua. Na laini mikeka, usipange foleni.

8. Mpumzishe mlezi. Kila mmoja apate saa mbili za kulala mchana kwa zamu. Mimi ile Jumatano nilikuwa sijalala vizuri siku tatu. Si udhuru, lakini ni sababu.

9. Mwanao akiwepo, mpe saa yake. Dakika 15 kila jioni, wewe na yeye. Hakuna mtoto mwingine atakayepungukiwa.

Mwaka ule wa 2021 Kibondo, yule mvulana alikuja tena, sasa akiwa miongoni mwa wakubwa. Bibi hakuja, miguu ilikuwa inamsumbua. Walipokuwa wakiagana kituo cha basi nilisimama kando. Akamwambia: "Nakwenda Kibondo, Bibi. Narudi Jumamosi jioni. Mwalimu ndiye anayenileta."

Bibi akanitazama mimi, akauliza: "Umesikia?"

Nikamjibu, "Nimesikia, Bibi." Na Jumamosi jioni, kabla jua halijatua, nilikuwa nimesimama uani kwake nikiwa nimemshika mtoto mkono.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni neno gani ambalo kwako ni la kawaida, lakini kwa jirani yako lina jeraha? Umewahi kumwuliza?

2. Ni lini mara ya mwisho ulimwomba mtoto msamaha? Alikujibu nini?

3. Mtoto wako angekuuliza, "Ningepotea ungejua saa ngapi?" ungempa jibu gani leo?